Pikapu Iliyonuka Maziwa

Mvuke uliotoka chini ya boneti ulinuka maziwa yaliyoungua. Haikuwa harufu ya oili wala ya mpira wala ya kutu. Ilikuwa ya maziwa ambayo mtu ameyaacha jikoni akaenda kumwita mtoto, akarudi akayakuta yamefurika mpaka kwenye makaa. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, kilima kimoja kabla ya Sotik, kitambaa mkononi, na jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu anapika.

Mmeniuliza kazini, mmeniuliza kwenye mazoezi ya kwaya, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa naandika yote kwa mpangilio ili nisirudie.

Kwa wale wasioijua, pikapu hiyo ni ya marehemu mume wangu, Kiprono. Ilikuwa imeshazeeka alipoinunua, na kazi yake miaka yote ilikuwa kubeba maziwa yetu na ya majirani kila asubuhi mpaka kituo cha kupokelea maziwa. Tangu tumzike, mwaka mmoja na nusu uliopita, haikuwa imetoka kwenye boma. Kila Jumamosi nilikuwa naiwasha, naizungusha uani mara tatu, nairudisha chini ya mabati.

Mama yake anaishi Chebunyo, peke yake. Mwezi wa pili alianguka jikoni, goti likakataa kumwinua, akakaa sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipopita alasiri kuomba chumvi. Nilimpigia simu nikamwomba aje akae na mimi na watoto hapa Kabianga. Alikataa mara tatu. Mara ya nne akasema, "Nikitoka hapa, nitatoka na gari ya mtoto wangu. Hizo zingine sipandi."

Sikujua kama alikuwa amekubali, au kama hiyo ilikuwa njia yake ya heshima ya kukataa, maana alijua vizuri kwamba gari limelala. Niliomba likizo ya siku tatu.

Kabianga hadi Litein

Kiprono aliacha daftari ndani ya pikapu, na ukurasa wa kwanza una kichwa "Kabla ya safari". Moja, oili. Mbili, mkanda wa feni. Tatu, magurudumu. Nne, maji ya rediata, tumia ya mkebe. Mnajua kazi yangu ni masjala. Mtu akinipa orodha, naifuata. Nilipima oili, nikabonyeza mkanda, nikapiga magurudumu teke kama alivyokuwa akifanya, nikajaza maji kutoka kwenye mkebe wa alumini unaokaa nyuma ya mlango wa jikoni. Rediata ilikunywa karibu lita mbili. Niliandika hilo pia.

Asubuhi ilikuwa ya baridi yetu ya kawaida. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai na wachumaji walionekana vichwa tu. Pikapu ilikwenda vizuri, mshale wa joto umelala chini kabisa, na mimi nikaanza kujisifu.

Litein nilisimama kunywa chai. Nilipotoka hotelini nilikuta mzee mmoja ameweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wa jirani.

"Hii si ni ya Kiprono?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Mimi ni mke wake."

"Chamge, mama," akanisalimia kwa lugha yao. "Pole. Tulikuwa tunapanga foleni ya maziwa na yeye." Aliipapasa tena. "Inaenda wapi?"

"Chebunyo, kumchukua mama yake."

Aliangalia magurudumu, akaniangalia mimi. "Chebunyo ni kwa jua," alisema. "Hii gari ni ya baridi." Kisha akaenda zake. Nilidhani ni utani wa wazee.

Litein hadi Sotik

Kadiri tulivyoteremka ndivyo ukungu ulivyoisha. Baada ya Kapkatet nilivua sweta. Kwenye mteremko mshale ulipanda mpaka katikati, na kwenye kilima kilichofuata ukaendelea kupanda bila haya. Nilikuwa bado najiuliza kama ni mshale ulioharibika wakati mvuke ulipotoka, na ndani yake ile harufu.

Wanawake wawili waliokuwa wakilima ng'ambo ya barabara waliacha majembe wakaja. Mmoja alikuwa na mtungi wa maji. Niliponyoosha mkono kwenye kifuniko cha rediata, mwenzake alinishika kifundo.

"Usifungue! Unataka kwenda kwa mama mkwe bila uso?"

Sikuwa nimemwambia naenda wapi. Nadhani ni nguo niliyovaa.

Tuliketi kwenye nyasi kusubiri ipoe. Walinipa viazi vitamu vya kuchemsha kutoka kwenye mfuko wao, na mwenye mtungi akanusa hewa.

"Gari yako imepika chai," alisema. "Majani iko, maziwa iko. Sukari ndiyo haiko."

Walicheka mpaka mimi pia nikacheka. Kiazi cha pili nilikikataa kwa adabu, wakakiweka kwenye kiti cha abiria bila kuniuliza. Ilipopoa tulijaza maji, nikaingia Sotik polepole, mshale ukiwa umekaribia wekundu tena.

Fundi niliyeelekezwa anaitwa Nyakundi. Ni mtu mfupi anayezungumza na gari kwanza, mwenye gari baadaye. Ninaandika alichofanya kwa mpangilio wake, kwa sababu niliupenda. Alianza kwa kuuliza maji yanapungua kiasi gani. Alipitisha kidole kwenye mipira yote miwili ya maji, wa juu na wa chini. Kwenye wa chini kidole kikatoka na unyevu. Kibano kilikuwa kimelegea. Alikikaza. Alizungusha feni kwa mkono, akabonyeza mkanda kwa dole gumba, akatikisa kichwa kwamba hapo hakuna neno. Alifungua mahali pa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akanionyesha shimo tupu.

"Ilitolewa kitambo. Huko kwenu juu watu wanapenda kuitoa, wanasema inaleta moto. Sasa hii injini imezoea kutembea baridi kama samaki."

"Ndiyo shida?"

"Hapana, mama. Hiyo ingefanya iwe baridi zaidi. Shida ni ingine."

Mwisho alichukua kifuniko cha rediata akaukunja mpira wake. Ulikuwa mgumu na umepasuka. Aliniambia kifuniko kizuri hukandamiza maji yasichemke mapema. Kikilegea, maji huchemka na kutoka. Akaweka kipya.

Nilimuuliza habari ya harufu.

"Mama, hii gari imebeba maziwa maisha yake yote. Unataka inuke marashi?"

Lakini alipokuwa akinawa mikono alinitazama kwa uaminifu ambao nimeukumbuka sana. "Nimeweka kifuniko na nimekaza kibano. Kama ilikuwa hiyo, umepona. Ikipanda tena, shida iko ndani, na ndani sijaingia. Ukiona mshale unapanda, washa hita ya ndani ya gari. Inatoa moto kwa injini inakuletea wewe."

Sotik hadi Chebunyo

Kuanzia Kaplong niliwasha hita. Nilipoiacha barabara ya Bomet na kushuka kuelekea Sigor, jua lilikuwa limesimama wima. Madirisha yalikuwa wazi, hita inapuliza miguu yangu, na jasho linanidondoka kidevuni.

Mfanyabiashara wa mbuzi alinisimamisha akaomba lifti mpaka Sigor. Mbuzi wake wawili walipanda nyuma, yeye akakaa mbele baada ya kukisogeza kile kiazi. Kwa dakika tano alivumilia kwa heshima.

"Mama," akasema hatimaye, "hii kitu ya moto imewaka."

"Najua. Nimeiwasha mimi."

Aliniangalia jasho, akaangalia jua, akaangalia sweta iliyokuwa mapajani mwangu. "Unasikia baridi?"

"Hapana, ni ya injini."

Nadhani hakusikia vizuri kwa sababu ya upepo, maana alisema kwa upole sana, "Malaria ya huku ni mbaya. Usijikaze." Kisha akavua kofia akaniombea, kwa sauti, macho yamefumbwa, tukiwa kwenye kona. Niliitikia amina. Aliposhuka Sigor aliniachia kiganja cha njugu na jina la zahanati.

Nilifika Chebunyo saa tisa, baada ya kusimama mara mbili. Mara zote mbili kifuniko kilikuwa imara na kibano kikavu, na mara zote mbili harufu ilikuwa palepale. Kwa hiyo Nyakundi alikuwa amesema kweli. Shida ilikuwa ndani.

Chebunyo

Mama alikuwa ameketi nje kwenye kigoda chake. Hakuinuka. Aliiangalia pikapu ikiingia, akaiangalia mpaka nilipozima, na hata hapo akaendelea kuiangalia.

"Imekuja," alisema.

"Imekuja, Mama."

"Nilifikiri haitawaka."

Alichukua fimbo, akaizunguka yote taratibu. Kwenye mlango wa dereva alisimama. Mimi nilijifanya natafuta mfuko wangu.

Hakuwa amefunga kitu. Nguo zilikuwa kwenye kamba, vibuyu vya maziwa vimepangwa ukutani, na ng'ombe wake mmoja alikuwa amefungwa kwenye kivuli kama siku zote. Alinipikia kimyet, ugali wao, na mboga ya saga, akanimiminia mursik, ule mtindi wao wa kibuyu wenye rangi ya majivu. Nilipoolewa niliunywa kwa machozi. Sisi tuliotoka ziwani tumelelewa kwa samaki. Sasa nikikaa mwezi bila kuunywa nautamani. Alinitazama nikimaliza kikombe, ndipo akaanza.

"Nikienda kwako, nani atakamua huyu?"

"Mzee arap Soi alisema atamchukua."

"Arap Soi anakamua kama mtu anavuta kamba ya kisima. Nitamwambia amuweke mpaka mvua. Mvua ikianza tutaona."

"Tutaona nini, Mama?"

"Tutaona," akasema, akakusanya vikombe.

Asubuhi alifunga. Mfuko mmoja wa nguo, kigoda, Biblia, na vibuyu vitatu vilivyozungushiwa leso kama watoto. Arap Soi, jirani yule wa chumvi, alikuja kumchukua ng'ombe na akatusaidia kumpandisha Mama mbele. Alipofunga mlango alimwita kwa jina la mama wa Kiprono, "Bot Kiprono, usitusahau huko kwa watu wa chai."

"Nitasahau wewe namna gani na umeniokota kwa sakafu?" Mama akajibu, lakini hakuangalia nyuma tulipoondoka.

Chebunyo hadi Sigor

Kurudi ni kupanda. Sikuwa nimefika mbali mshale ulipoanza. Niliwasha hita, nikapunguza mwendo, nikaongea na pikapu kimoyomoyo kwa maneno ambayo sitayaandika. Tulipoiona Sigor mbele yetu, mvuke ulitoka.

Nilishuka kufungua boneti. Mama aliketi ameshika fimbo kwa mikono miwili. Niliporudi dirishani alisema, bila kuniangalia, "Labda huyu mtoto hataki nitoke."

"Mama, ni gari tu. Limezeeka."

"Na mimi ni nini?"

Mama ni Mkristo kuliko mimi, ni wa kuamka alfajiri kuomba, lakini pale barabarani aliongea kama binti wa baba yake, wa imani ya zamani, na sikuwa na haki ya kumsahihisha.

Tulisukumwa na vijana wa sokoni mpaka kwa fundi wa Sigor, Langat, mtu mrefu mwenye sauti ya mhubiri. Alisubiri rediata ipoe, akafungua kifuniko, akaingiza kidole, akakitoa kimepakwa rojorojo jeupe lenye umanjano. Alitunyooshea kidole hicho kama ushahidi.

"Mnaona? Oili imeingia kwa maji. Gasketi ya juu ya injini imekwenda. Lazima tufungue kichwa yote."

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Kichwa kiende Bomet kusawazishwa, kirudi. Siku tatu. Nne, kama mashine iko na kazi."

Likizo yangu ilikuwa inaisha siku iliyofuata. Kabla sijafungua mdomo nilisikia mlango wa abiria ukifunguliwa. Mama alikuwa anashuka, mguu mzuri kwanza.

"Atieno, niitie bodaboda. Nirudi kwangu kabla jua haijakuwa kali."

"Mama, tutatafuta gari lingine twende Kabianga."

"Nilikuambia nitatoka na ya mtoto wangu. Imekataa. Hakuna mtu amekosa hapa. Niitie bodaboda."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyeuliza swali na kupewa jibu. Nilijua akirudi siku hiyo hatatoka tena, na nilijua sakafu ile ya jikoni ni baridi kiasi gani. Nilitoa simu, nikaishika tu.

Ili afike kwenye kivuli Mama alilazimika kupita mbele ya pikapu. Alipofika hapo alisimama. Alinusa. Akamwambia Langat, "Lete hiyo kidole."

"Mama?"

"Kidole. Lete."

Langat, mtu mzima mwenye ndevu, alinyoosha kidole. Mama aliuvuta mkono wake kama wa mtoto, akanusa, kisha akachukua kidogo kwa ukucha akasugua kati ya vidole viwili.

"Hii si oili. Oili inateleza. Hii inashika." Akaniangalia. "Hii ni maziwa."

"Maziwa itaingia kwa rediata kufanya nini?" Langat akacheka.

Mama alinyoosha kiganja karibu na rediata, asiiguse kwanza, akisikiliza joto. Ilipomruhusu akaiwekea mkono. Aliupeleka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, juu, halafu chini. Mimi nimemwona mara nyingi akifanya hivyo kwa ng'ombe aliyezaa, akitafuta chuchu iliyoziba. Upande wa kulia mkono ulisimama.

"Hapa kuna moto," alisema. "Hapa pia. Hapa hakuna kitu. Baridi. Kutoka hapa mpaka hapa haipiti." Alimtazama Langat. "Ng'ombe ikiwa hivi, wewe utakata kichwa?"

Vijana waliotusukuma walipiga kelele. Langat aliweka mkono wake mahali pale pale, akauacha muda mrefu. Aliacha kucheka. Kwa heshima yake niseme kwamba alirudi nyuma akaanza upya kama fundi wa kweli. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akakifuta kwenye karatasi. Oili ilikuwa nyeusi, safi, bila weupe wowote. Alijaza maji, akaniambia niwashe injini kifuniko kikiwa wazi, akaangalia kama mapovu yanatoka. Hakuna povu.

"Gasketi iko sawa," alisema. "Mama, samahani."

Lakini Mama alikuwa amenigeukia mimi. "Maji mlikuwa mnatoa wapi?"

Nilikwenda nikachukua daftari. Nilimsomea, maana miwani yake ilikuwa ndani ya mfuko. "Nne, maji ya rediata, tumia ya mkebe."

"Mkebe gani?"

Ndipo nilipoiona asubuhi ya kituo cha maziwa, ile niliyokuwa nimeiona mara elfu bila kuifikiria. Kiprono anamimina maziwa yetu kwenye tangi, anasuuza mkebe kwa maji kidogo, anauzungusha mara tatu, anafungua boneti. Rediata ilikuwa ikivuja tangu zamani, ikihitaji kujazwa kila siku, na kila siku aliijaza kwa maji ya kusuuzia. Niliwahi kumcheka. Alisema, "Nimezoea," tukaondoka. Na mkebe ulio nyuma ya mlango wangu wa jikoni ni huo huo. Kila asubuhi nasuuza, kila Jumamosi najaza, kama orodha inavyosema.

Nilimweleza Mama yote hayo. Alitafuta kigoda chake kwa macho, kijana mmoja akakiwahi, akaketi palepale mbele ya pikapu.

"Ni mimi," alisema.

Langat alifuta mikono, vijana wakasogea karibu.

"Watoto walikuwa sita na ng'ombe mmoja. Niliwaambia maji ya kusuuza maziwa haimwagwi chini. Ni ya ndama. Kama hakuna ndama, ni ya mbwa. Siku moja huyu akamwaga, akiwa mdogo hivi, nikamchapa na ile fimbo ya kuoshea kibuyu. Alilia mpaka akalala." Aliifuta pua kwa ncha ya leso. "Sikumchapa tena. Sikujua kama alisikia."

"Alisikia, Mama."

"Alisikia!" Na hapo, sijui ni kilio au nini, alianza kucheka, mabega yakitikisika. "Amekosa ndama, akapatia gari! Miaka yote hiyo! Amenyonyesha gari mpaka imevimba!"

Langat alikuwa wa kwanza kumfuata, kisha vijana, kisha mimi, na machozi yangu sikuyaficha kwa sababu kila mtu alikuwa na yake.

Waliitoa rediata. Langat alisema itaoshwa kwa maji moto, halafu kwa mpira wa nguvu wa waosha magari. Mama alitaka waweke majivu, kama anavyofanya kwa vyombo vyake. Langat alimwambia kwa unyenyekevu kwamba majivu yatakula chuma. Walibishana kidogo, fundi akashinda. Lakini alipoanza kupiga maji kwa mdomo wa juu, Mama aligonga fimbo.

"Geuza. Uchafu inatoka njia iliingilia. Ukisukuma mbele unaikaza."

"Nilikuwa nataka kugeuza, mama fundi."

"Basi geuza."

Ilipogeuzwa, yalitoka mabonge ya manjano kama jibini iliyosahauliwa, kisha maji ya kahawia, kisha meupe, na mwisho maji ya kawaida. Mbwa wawili wa soko walikuja kuangalia. Mama aliwatazama wakilamba.

"Afadhali," alisema.

Bodaboda hakuitaja tena, nami sikuikumbusha.

Sigor hadi Kabianga

Langat alijaza maji safi ya tangi na chupa ya ile dawa ya kijani ya rediata. Akanionya kwa sauti yake ya mhubiri kwamba nikiweka tena kitu kinachoweza kunywewa na ndama atanisikia kutoka Sigor.

Mama alikabidhiwa mshale. Alivaa miwani akakaa ameinama mbele kidogo.

"Uko wapi?" nilikuwa nauliza kila kilima.

"Katikati."

"Sasa?"

"Katikati. Angalia barabara."

Sotik nilisimama kwa Nyakundi nimweleze, kwa sababu mtu aliyekuambia ukweli anastahili kujua mwisho wake. Alisikiliza mpaka nilipomaliza. Aliingiza kichwa dirishani kumsalimia Mama, akamuuliza kama anatafuta kazi. Mama alisema goti haliwezi kulala chini ya magari. Tulikunywa chai hapo karibu. Mhudumu alipouliza ya maziwa au ya rangi, Mama alijibu ya rangi, nikaona mdomo wake ukijizuia kucheka.

Baada ya Litein baridi iliingia, nikafunga madirisha. Mama alikuwa hajafika kwetu tangu mazishi. Alianza kutaja vitu kwa sauti ndogo: ile miti, ile kanisa, ile kona. Kwenye kona ya mwisho aliweka mkono juu ya dashibodi akauacha hapo mpaka nilipozima injini uani. Jua lilikuwa bado lipo. Watoto walikuja mbio wakimwita Kogo, nyanya yao, akawaambia wasimrukie, wamsaidie kwanza na vibuyu.

Nyumbani

Leo ni wiki ya tano. Mshale hauvuki katikati. Daftari nimeliacha lilivyo. Chini ya mstari wa nne nimeandika mwandiko wangu, "maji safi", na mstari wake sikuukata. Mama anakamua ng'ombe wangu, amekemea namna ninavyofunga ndama, na goti linampa nafuu akiota moto. Mazungumzo ya kubaki au kurudi hatujafanya. Alisema mpaka mvua.

Mvua ilianza Jumatatu. Jumatano asubuhi arap Soi alipiga simu. Alinisalimia, akaniambia huko Chebunyo pia imenyesha, majani yameota, na akaomba aongee na Bot Kiprono, ajue amlete ng'ombe Kabianga kwa lori la rafiki yake au amrudishe bomani amsubiri mwenyewe.

Nilimpelekea Mama simu. Aliichukua, akajifunika leso kichwani kwa ajili ya mvua, akatoka nayo mpaka mwanzo wa mistari ya chai. Nilibaki mlangoni. Waliongea kwa Kikipsigis, na kelele za mvua kwenye mabati zilizima maneno yote; niliona tu mkono wake ukienda na kurudi. Ilichukua muda. Aliporudi alinikabidhi simu, akasugua miguu kwenye gunia la mlangoni, akauliza kama watoto wamebeba makoti.

Nilimwambia wamebeba.

Arap Soi hajapiga tena, na mimi sijauliza.